Kioo Kirefu au Grafiki Yenye Nguvu: Kwa Nini Tuchague Kimoja?

Msikilizaji, ukiingia duka la kompyuta, liwe Kariakoo au barabara ya Luthuli mjini Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa ni inchi ngapi. Kumi na nne, au kumi na tano nukta sita? Ukishajibu, mazungumzo yanahamia kwenye prosesa, memori na bei. Hakuna atakayekuuliza unataka kioo chenye umbo gani. Hakuna atakayekuambia chipu ya grafiki imepewa wati ngapi. Na ukiyauliza wewe mwenyewe hayo mawili kwa pamoja, ukasema nataka kompyuta mpakato yenye kioo cha kimo kizuri na grafiki ya kufanyia kazi nzito, muuzaji atafikiri kidogo kisha atakuambia hiyo haipo.

Anasema kweli, au karibu na kweli. Leo nataka tuulizane kwa nini haipo, kwa sababu si kwamba haiwezekani kutengenezwa. Kuna watu walioamua, kwa sababu zao, na maamuzi yao yametufikia sisi bila kuulizwa.

Tuanze na hiyo inchi. Kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini ya upande mmoja hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kipimo hicho hakisemi chochote kuhusu umbo. Kioo cha inchi 14 chenye uwiano wa 4 kwa 3, kama vilivyokuwa vioo vya zamani, kina kimo cha milimita 213. Kioo cha inchi 14 zile zile chenye uwiano wa 16 kwa 9 kina kimo cha milimita 174. Karibu sentimita nne zimeondoka, na lebo ya dukani bado inasema inchi 14. Upana umeongezeka, ndiyo, lakini haufidii kilichopotea. Zidisha upana kwa kimo utaona eneo zima limepungua kwa asilimia 11. Kadiri kioo kinavyovutwa kwenda pembeni ndivyo mshazari unavyobaki pale pale huku kioo chenyewe kikipungua. Mnunuzi analipia inchi, anapewa eneo dogo zaidi, na hana namna ya kujua asipochukua rula.

Kwa anayetazama filamu hasara hiyo haionekani. Kwa anayesoma na kuandika, inaonekana kila siku ya Mungu. Karatasi ya A4 ina kimo cha milimita 297. Chukua zile milimita 174, ondoa ukanda wa menyu ulio juu, ondoa safu ya vitufe vya programu, ondoa upau wa Windows ulio chini, uone unabakiwa na nini. Unabakiwa na aya chache. Mhariri anayepanga makala, mwalimu anayesahihisha tasnifu, mwanasheria anayetafuta kifungu kinachopingana na kingine ukurasa ule ule, mwandishi wa programu anayetaka kuona kazi yake yote kwa mtazamo mmoja: hawa wote wanashinda wakisogeza maandishi juu na chini, na kila wanaposogeza, jambo walilokuwa wanalishika akilini linawatoka. Mimi nafanya kazi ya maandishi, na naona kwamba kimo cha kioo kinagusa ubora wa fikra zenyewe. Anayeona ukurasa mzima anauhariri kama ukurasa. Anayeona theluthi yake anahariri sentensi moja moja.

Sasa huu uwiano wa 16 kwa 9 ulitoka wapi? Ulitoka kwenye televisheni. Katika miaka ya 1980 wahandisi walikuwa wakitafuta umbo la televisheni mpya ya picha angavu. Mhandisi mmoja wa Marekani, Kerns Powers, alichora mistatili ya miundo yote mikubwa ya filamu na televisheni iliyokuwepo, akaifanya iwe na eneo sawa, akaipanga yote kwenye kitovu kimoja. Akagundua kwamba mstatili wa nje unaoizunguka yote, na ule wa ndani ambao yote inaushiriki, ina uwiano mmoja wa karibu 1.78 kwa 1. Hiyo ndiyo 16 kwa 9. Ni suluhisho zuri sana la tatizo lake: kuonyesha filamu pana na vipindi vya zamani kwenye kioo kimoja bila kupoteza sehemu kubwa ya picha. Naliheshimu. Lakini katika mistatili ile hapakuwa na ukurasa wa barua, wala jedwali la hesabu, wala ramani ya nyumba. Umbo lililopimwa kwa ajili ya sebule ndilo lililokuja kupewa kila mwanafunzi na kila karani.

Lilivukaje kutoka kwenye televisheni hadi kwenye kompyuta? Kwa njia ya kiwanda. Vioo vya kompyuta havitengenezwi kimoja kimoja. Kiwanda hutengeneza bapa kubwa la kioo, kisha hulikata vipande. Kwenye viwanda vinavyoitwa vya kizazi cha nane na nusu, bapa moja lina mita 2.2 kwa mita 2.5. Fundi cherehani anajua jambo hili: akipanga vipande vya mashati vizuri kwenye kitambaa anapata shati moja la ziada, akipanga vibaya anabaki na vitambaa vya kufutia meza. Viwanda vilipokuwa vimejipanga kwa ajili ya televisheni za 16 kwa 9, kukata vioo vya kompyuta kwa umbo lile lile kuliacha masalio machache na kushusha bei ya kila kipande. Kuanzia mwaka 2008 hivi, watengenezaji wa kompyuta walianza kuhama. Kompyuta maarufu za ThinkPad zinaonyesha mwendo wote huo. T60 ya mwaka 2006 ilipatikana na kioo cha 4 kwa 3. T410 ya mwaka 2010 ilikuwa na 16 kwa 10. T420 iliyofuata mwaka 2011 ikawa 16 kwa 9. Ndani ya miaka mitano tu, kompyuta iliyopendwa na watu wa kazi ilipoteza kimo chake mara mbili.

Na hapo ndipo ilipoingia ile namba ninayoichukia kuliko zote, 1366 kwa 768. Mistari 768 ya pikseli kwenda juu ilikuwepo tayari kwenye kompyuta mpakato nzuri za mwishoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya muongo mmoja baadaye, mamilioni ya watu walinunua kompyuta mpya zenye mistari ile ile 768.

Waliolalamika walikuwepo. Mwaka 2015 David Hill, aliyekuwa mkuu wa usanifu wa ThinkPad pale Lenovo, aliwauliza wapenzi wa mashine hizo hadharani wangependa nini kama ingetengenezwa ThinkPad ya kuenzi zile za zamani. Miongoni mwa yaliyoombwa kwa nguvu ni kuachana na 16 kwa 9. Mashine ilitoka mwaka 2017, ThinkPad 25, na mengi yaliyoombwa yalitimizwa: kibodi ya zamani ilirudi, nembo ya rangi ilirudi, kulikuwa hata na kadi ndogo ya grafiki ya Nvidia. Kioo kilikuwa cha 16 kwa 9. Kibodi unaweza kuiagiza kwa maelfu machache. Kioo cha umbo lako mwenyewe kinadai kiwanda kisimamishe mstari mzima kwa ajili yako.

Huko China, kikundi cha wapenzi kinachojulikana kwa jina la 51nb kilifika mbali zaidi. Walibuni ubao mama mpya, wenye prosesa za kisasa, unaoingia ndani ya maganda ya ThinkPad za zamani, ili mtu abaki na kioo chake cha 4 kwa 3. Fikiria mapenzi hayo, msikilizaji. Watu wamebuni kompyuta upya kutoka ndani kwa sababu hakuna kampuni iliyokubali kuwauzia kimo.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo, na ni haki kusema hivyo. Apple haikuwahi kuhamia 16 kwa 9 kwenye MacBook Pro. Google ilileta Chromebook Pixel mwaka 2013 yenye kioo cha 3 kwa 2, Microsoft ikafuata na umbo hilo kwenye Surface Pro 3 mwaka 2014. Dell ilirudisha 16 kwa 10 kwenye XPS 13 mwaka 2020, na kufikia mwaka 2022 hata kompyuta za kawaida za ofisi, HP EliteBook 840 G9 na ThinkPad T14 ya kizazi cha tatu, zilikuwa zimehamia huko. Uone faida yake: kioo cha inchi 13.5 chenye uwiano wa 3 kwa 2 kina kimo cha milimita 190. Kioo cha 15.6 chenye 16 kwa 9 kina milimita 194. Tofauti ni milimita nne, na mashine ya kwanza inaingia kwenye mkoba wa kawaida.

Basi tatizo limekwisha? Kwa anayeandika tu, linaelekea kwisha. Kwa anayehitaji grafiki, hapo ndipo linapoanza.

Kila kompyuta ina chipu ya kuchora kinachoonekana kwenye kioo. Kwenye nyingi, chipu hiyo imo ndani ya prosesa na inagawana nayo umeme na memori. Kwenye kompyuta nyembamba za ofisi za miaka mingi, prosesa na grafiki kwa pamoja zilipewa wati 15. Hizo zinatosha barua pepe, jedwali na video ya mtandaoni. Hazimtoshi mhariri wa filamu anayetumia DaVinci Resolve, programu inayotupia kazi yake kubwa kwenye chipu ya grafiki. Hazimtoshi msanifu majengo anayetaka kumwonyesha mteja nyumba katika Lumion. Hazimtoshi kijana anayejifunza uhuishaji kwa Blender, programu ambayo ni ya bure kabisa, ila nguvu ya kuiendesha si ya bure. Hawa wanahitaji kadi ya grafiki ya pekee, na hapo wanakutana na ukuta wa joto.

Wati zikiingia kwenye chipu hutoka kama joto, na joto linataka shaba, feni na nafasi. Ndiyo maana watengenezaji wameweka kadi kubwa kwenye maganda makubwa, na maganda makubwa yameuzwa kwa wacheza gemu. Mcheza gemu kwa miaka mingi alitaka kioo chepesi kubadilisha picha, mara 144 kwa sekunde au zaidi, na vioo vya namna hiyo vilitengenezwa kwa wingi katika umbo moja: 16 kwa 9, pikseli 1920 kwa 1080. Basi msanifu majengo aliyetaka nguvu ya grafiki alichukua na kioo cha mcheza gemu, na taa za rangi kwenye kibodi, na uzito wa kilo mbili na nusu, na chaja yake ya wati 230. Aliyetaka kimo cha kioo alichukua mashine nyembamba isiyo na kadi. Vitu viwili visivyohusiana kabisa, umbo la kioo na nguvu ya chipu, vikafungwa pamoja kwa sababu tu vilipangiwa wateja tofauti.

Mwaka 2021 Lenovo ilitoa Legion 5 Pro yenye inchi 16 na uwiano wa 16 kwa 10, na wengine wakafuata. Kioo hicho kina kimo cha milimita 215, yaani mashine kubwa ya gemu ya leo imeifikia ile ya inchi 14 ya zamani. Ni hatua, na naishukuru.

Ukitaka 3 kwa 2 na kadi ya nguvu kwa pamoja, historia yake ni fupi mno. Microsoft ilijaribu mwaka 2015 na Surface Book, kioo cha inchi 13.5 kinachochomoka, huku chipu ya grafiki ikiwekwa chini ya kibodi ili joto lake likae mbali na prosesa. Wazo lilikuwa la kiuhandisi kweli. Surface Book 2 ya mwaka 2017 ilifikia kadi ya GTX 1060 kwenye inchi 15. Baadaye ikaja Surface Laptop Studio mwaka 2021, na toleo lake la pili mwaka 2023 lilianzia dola 1,999, tena kwa bei hiyo ya kuanzia hupati kadi ya grafiki ya pekee, unaongeza pesa. Na iFixit, watu wanaofungua mashine kuona kama zinatengenezeka, waliipa Surface Book 2 alama 1 kati ya 10. Kwa fundi wa mtaani, hiyo maana yake betri ikifa mashine imekufa. Ukiondoa ukoo huo wa Surface, orodha inaisha haraka.

Kampuni changa ya Marekani iitwayo Framework ndiyo inayonipa matumaini na kunionyesha ugumu kwa wakati mmoja. Kompyuta yao ya inchi 13 iliyotoka mwaka 2021 ina kioo cha 3 kwa 2, na kila kipande kinafunguka kwa bisibisi moja. Haina kadi ya grafiki ya pekee. Ile ya inchi 16, iliyoanza kuwafikia wateja mwaka 2024, ina kadi ya grafiki inayochomolewa nyuma na kuwekwa nyingine. Mwaka 2025 walitangaza kadi mpya ya Nvidia inayoingia kwenye mashine za wateja wa mwanzo. Lakini kioo cha mashine hiyo ya inchi 16 ni cha 16 kwa 10. Hata kwao basi unachagua upande. Na walipotaka kioo bora zaidi kwa ile ndogo, mwaka 2024, walichukua kioo kilichokuwa kimebuniwa kwa ajili ya mteja mwingine, ndiyo sababu pembe zake zina mviringo ambao ganda la Framework halina. Walilisema jambo hilo waziwazi. Kampuni inayojali wateja wake kiasi hicho bado inavaa kioo kilichoshonewa mwingine.

Kuna jambo lingine kuhusu grafiki ambalo linaniudhi zaidi ya umbo la kioo, kwa sababu hapa mnunuzi anafichwa habari. Jina la kadi halikuambii nguvu yake. RTX 4060 ya kompyuta mpakato inaruhusiwa kupewa wati 35 hadi 115. Jina moja, kibandiko kimoja, na mashine moja inaweza kuwa na nguvu ndogo mno kuliko ya jirani yake. Mwaka 2017 Nvidia ilianzisha alama ya Max-Q kutambulisha kadi zilizopunguzwa umeme ili ziingie kwenye mashine nyembamba. Ilipofika mwaka 2021, kwenye kizazi cha RTX 30, alama hiyo iliondoka kwenye majina. Watu walipolalamika, Nvidia ikawataka watengenezaji waandike wati kwenye maelezo ya bidhaa. Maelezo hayo yapo kwenye tovuti. Kwenye boksi lililopangwa dukani kwetu hayapo. Na aliyenunua kadi ya juu kabisa ya kizazi cha RTX 40 hakuwa na nafuu: RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina memori ya gigabaiti 24 na hula hadi wati 450, wakati ile ya mpakato yenye jina hilo hilo ina gigabaiti 16 na haivuki wati 175. Hata chipu ya ndani si ile ile.

Tuje nyumbani sasa, kwa sababu maamuzi haya yanatuangukia sisi kwa namna ya pekee. Sehemu kubwa ya kompyuta zinazouzwa katika miji yetu zimetumika kwanza ofisini Ulaya, Marekani au Ghuba. Kampuni ya huko inanunua mashine mia kadhaa kwa mpigo, inazitumia miaka mitatu au minne, inaziondoa, na wafanyabiashara wetu wanazileta: HP EliteBook 840, Dell Latitude, ThinkPad za familia ya T. Ni mashine imara, na nawashukuru wanaozileta, kwa sababu bila wao vijana wengi wasingegusa kompyuta. Lakini mwenye kuchagua alikuwa ofisa manunuzi wa benki au wakala wa bima, na alichagua kwa ajili ya karani wake. Hakumuwaza mwanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi. EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016, ambayo bado utaiona kila duka, ina kioo cha 16 kwa 9, nyingine kwa mistari ile ile 768, na grafiki iliyo ndani ya prosesa ya wati 15. Vioo vya 16 kwa 10 vilivyoingia ofisi hizo mwaka 2022 ndiyo kwanza vinaanza kutufikia. Tunapokea mabadiliko yakiwa yamechelewa kwa muda ambao kampuni ya mbali imeamua kukaa na mashine yake.

Mwanafunzi huyo anayehitaji grafiki anakimbilia wapi? Kwenye mashine zilizotumika za wahandisi: HP ZBook 15, ThinkPad P50 na P51, zenye kadi za Quadro. Zinafanya kazi. Ni nzito, kioo chao ni 16 kwa 9, na kadi zao ni za umri mkubwa. Au anachukua mashine ya gemu kwa mkopo. Hapo anakutana na umeme wetu. Sheria za usafiri wa ndege zinafanya betri za kompyuta zisipite wati-saa 100, kwa hiyo kubwa kabisa huishia 99. Mashine inayokula wati 115 za kadi na 45 za prosesa ingemaliza betri hiyo kabla ya dakika 40; ndiyo maana mashine hizo hujipunguzia nguvu zenyewe mara tu chaja inapochomolewa. Umeme ukikatika jioni kabla ya siku ya kuwasilisha kazi, nguvu uliyoilipia inaondoka na umeme.

Kuna watakaoniambia, nunua ya mezani. Kwa mwenye ofisi na jenereta, huo ni ushauri sahihi, na kioo chake anachagua umbo atakalo. Mwanafunzi anayehama chumba cha kupanga kila mwaka hawezi, wala mpiga picha za harusi anayehariri akiwa njiani kutoka Morogoro. Wengine watasema mchagua jembe si mkulima. Wakulima ninaowajua wanachagua majembe yao kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu wanaijua ardhi yao.

Nisieleweke kwamba kioo kipana ni kibaya. Mhariri wa video anakihitaji, kwa sababu mstari wa muda wa filamu unakwenda pembeni. Mfasiri anayefungua matini mbili bega kwa bega anakihitaji pia. Kwao 16 kwa 9 inaweza kuwa chaguo bora. Ninachotaka ni kwamba kiwe chaguo lao.

Na ninaona njia inafunguka. Chipu za Apple tangu M1 ya mwaka 2020 zimeonyesha kwamba grafiki iliyo ndani ya chipu kuu, ikishiriki memori moja na prosesa, inaweza kufanya kazi nzito bila kadi ya pekee. Mwaka 2025 AMD ilileta chipu za Ryzen AI Max kwa njia hiyo hiyo, na ASUS ikaweka chipu hiyo kwenye mashine ya inchi 13.4 yenye kioo cha 16 kwa 10. Bei bado iko juu. Lakini nguvu ikishaingia kwenye ganda dogo, kile kisingizio cha kumpa kila mwenye kazi nzito ganda la gemu kinakufa.

Wakati tukisubiri bei ishuke, wewe unayekwenda dukani wiki hii, beba rula. Pima kimo cha kioo chenyewe, bila fremu. Inchi 14 yenye sentimita 17 na nusu ni 16 kwa 9. Yenye karibu 19 ni 16 kwa 10. Omba iwashwe usome pikseli: 1920 kwa 1200 ichukue, 1366 kwa 768 iache hata kama bei inavutia. Kwenye grafiki, soma chaja. Chaja ya wati 65 haiwezi kulisha kadi ya wati 115, hata kibandiko kiseme nini. Kama kadi ni ya Nvidia, fungua programu yake ya mipangilio, sehemu ya taarifa za mfumo, utazame kiwango cha juu cha wati. Na ukitaka mashine iliyotumika yenye vyote viwili kwa kiasi, ulizia Dell Precision 5550 ya mwaka 2020: ina 16 kwa 10, na ilipatikana na kadi ya Quadro ya pekee. Si nyingi sokoni, lakini wafanyabiashara huleta kinachoulizwa.

Mnunuzi mmoja mmoja hata hivyo ana sauti ndogo. Walio na sauti ni wanaonunua mamia kwa mpigo: vyuo vikuu, wizara, mabenki, mashirika ya habari. Mara nyingi hati zao za zabuni zinataja inchi, prosesa, memori na diski, na kuishia hapo. Kinachonunuliwa na taasisi hizo ndicho mawakala wanachoweka kwenye bohari, na ndicho kitakachouzwa kwa vijana wetu miaka minne ijayo. Nawaomba maofisa manunuzi wanaonisikiliza, mnapoandaa zabuni ijayo ongezeni mistari miwili: kimo cha kioo kisiwe chini ya kile cha uwiano wa 16 kwa 10 kwa watumishi wa maandishi, na wati za kadi ya grafiki zitajwe kwa maandishi kwa kila mashine ya idara za usanifu, uhandisi na habari. Na ninyi wenye maduka, andikeni wati kwenye lebo, kando ya jina la kadi. Kalamu ya wino inatosha.